Hansi Flick mpeni siku za mazoezi

Kila Barca ikifungwa goli la mtu kukimbia nyuma ya mabeki, mitandao inawaka. Utasikia kocha wao Hansi Flick, huyu Mjerumani, anacheza kamari, mabeki gani hao wanakaa karibu na duara la katikati, na wengine wanaenda mbali zaidi wanasema kule Bayern ni zali tu lilimbeba. Kiukweli mjadala mzima naona tunauendesha vibaya. Tunabishana kama mfumo wake ni mzuri au mbovu, wakati ukiifuatilia kazi yake yote kuanzia mwanzo utaona mfumo ni uleule miaka nenda rudi, kinachopanda na kushuka ni idadi ya siku anazokaa na wachezaji uwanja wa mazoezi. Akizipata hizo siku anabeba kila kitu, akizikosa anapigwa magoli ambayo hata mtoto wa akademi anaona hayakutakiwa kuingia.

Tuanzie mbali kidogo, maana watu wengi wamemjua Flick mwaka 2020 usiku ule Bayern yake ilipoipiga Barca 8-2 wakadhani ni kocha aliyetokea tu.

Hans-Dieter Flick kazaliwa Heidelberg Februari 1965. Kiungo. Bayern walimchukua 1985 kutoka Sandhausen, timu ndogo ya palepale kwao, na akakaa pale mpaka 1990, akaondoka na ubingwa wa Bundesliga mara 4 (1986, 1987, 1989 na 1990) na Kombe la Ujerumani (DFB Pokal) moja la 1986. Mechi za ligi 104, magoli 5. Hizo namba zinakwambia alikuwa mchezaji wa aina gani. Kwenye kikosi chenye Lothar Matthäus lazima awepo mtu wa kukimbia kwa niaba ya wenzake, wa kuziba pale Matthäus alipopaacha wazi, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Flick. Timu ya taifa ya wakubwa hakuwahi kuichezea hata dakika moja.

Fainali ya Klabu Bingwa Ulaya 1987 pale Vienna alianza. Bayern wanaongoza 1-0 dhidi ya Porto kwa goli la Ludwig Kögl, mpira unaelekea mwisho, halafu Mualjeria Rabah Madjer akafunga kwa kisigino dakika ya 77 na dakika chache baadaye akatoa pasi ya goli la Juary. 2-1, kombe limeenda Ureno. Sisi Afrika tunalikumbuka lile goli la Madjer kwa furaha na tuna haki, ila kwa kijana wa miaka 22 aliyekuwa upande wa pili ule usiku ulikuwa mzito. Alikuja kulishika lile kombe miaka 33 baadaye akiwa kwenye benchi.

Baada ya Bayern akaenda Köln, akafika fainali ya Pokal 1991 wakafungwa na Werder Bremen kwa penati, majeraha yakamsumbua, na 1993 akaachana na soka la kulipwa akiwa na miaka 28. Umri ambao kiungo ndo anaanza kuuelewa mpira vizuri, yeye anatundika daluga. Akarudi nyumbani Bammental, akafungua duka la vifaa vya michezo, akawa mchezaji na kocha wa Victoria Bammental kule chini kabisa kwenye ligi ambazo mchezaji anatoka kazini jioni ndo anakuja mazoezini.

Kutoka hapo 2000 akaenda Hoffenheim, ambayo enzi hizo ilikuwa ya daraja la nne, timu ya kijiji yenye tajiri mmoja nyuma yake, Dietmar Hopp. Msimu wa kwanza tu akaipandisha daraja la tatu. Msimu wa 2003/04 wakaitoa Bayer Leverkusen kwenye Pokal na kufika robo fainali. Kupanda tena la pili ikagoma mwaka baada ya mwaka, na Novemba 2005 wakaachana. Miaka mitano hiyo watu huwa wanairuka, lakini pale ndo alijifunza kazi ya kila siku ya ukocha bila kamera na bila mastaa, mpaka unaamka asubuhi unajua beki wako wa kushoto jana alilala saa ngapi.

Halafu ikaja sehemu ambayo naona ndiyo imemjenga zaidi, na ni ile ambayo makocha wengi wa siku hizi hawaitaki: akawa msaidizi. Kwanza Salzburg 2006, chini ya Giovanni Trapattoni, akiwa na Matthäus yuleyule aliyekuwa anamkimbilia mipira enzi zao. Haikudumu, maana mwaka uleule Joachim Löw alipopewa timu ya taifa baada ya Jürgen Klinsmann kuondoka, akamchukua Flick awe mtu wake wa mkono wa kulia. Wakakaa pamoja miaka 8. Kwa mpira wa leo hiyo ni maisha kabisa, leo msaidizi akikaa miezi 6 wakala wake ameshaanza kumtafutia timu yake mwenyewe.

Kuna mechi moja watu wameisahau. Euro 2008, robo fainali, Basel, Ujerumani na Ureno ya Cristiano Ronaldo. Löw alitolewa kwenye benchi mechi ya Austria, kwa hiyo akawa jukwaani amefungiwa, na aliyesimama pembeni ya uwanja ni Flick. Ujerumani wakashinda 3-2, na magoli mawili, la Klose na la Ballack, yakatoka kwenye mipira ya adhabu ya Schweinsteiger iliyopigwa ndani watu wakapanda vichwa. Hiyo mipira iliyokufa, yaani kona na frikiki, ukae nayo kichwani maana inarudi.

Brazil 2014 Wajerumani walikuwa na muda. Kambi ilianza milimani Tyrol ya Kusini mwezi Mei, ikahamia Campo Bahia pwani ya Brazil, na mechi ya kwanza dhidi ya Ureno ni Juni 16. Zaidi ya wiki tatu za kufanya mazoezi, kula pamoja na kurudia vitu vilevile. Löw hakuwahi kuwa mpenzi wa kutumia muda mwingi kwenye kona na frikiki, msukumo ule ulitoka kwa Flick, na angalia matokeo: Hummels kafunga kwa kona dhidi ya Ureno, Klose kafunga kwa kona kwenye ile 2-2 na Ghana pale Fortaleza, Hummels tena kwa frikiki ya Kroos ndo wakamtoa Mfaransa robo fainali 1-0, na nusu fainali ile ya 7-1 Belo Horizonte mlango ulifunguliwa na Müller kwa kona. Mipira iliyokufa ndiyo sehemu ya soka inayolipa mazoezi kuliko nyingine yoyote. Haina cha kipaji sana, ni nani anakimbia wapi, nani anamzuia nani, mnarudia mpaka mnachoka. Ukimpa Flick wiki tatu na uwanja, hivyo ndo vinatoka.

Baada ya kombe akapanda ofisini, mkurugenzi wa michezo wa DFB, shirikisho la soka la Ujerumani, halafu akarudi Hoffenheim kwenye uongozi kwa muda mfupi. Ofisi haikuwa mahali pake, na mimi sishangai, mtu wa nyasi ukimpa meza na mikutano unamzeesha bure.

Sasa Bayern. Julai 2019 anaingia kama msaidizi wa Niko Kovač. Novemba 2 Bayern wanapigwa 5-1 na Frankfurt, Kovač anaondoka, Flick anakaimu. Watu walimwona kama mtu wa kushika kiti mpaka apatikane jina kubwa. Mechi ya kwanza Olympiacos 2-0, ya pili Dortmund 4-0. Akapoteza mbili mfululizo na Leverkusen na Gladbach, zote 2-1, na baada ya hapo msimu ule hakufungwa tena. Hakusajili kikosi kipya, alichukua kilekile kilichopigwa tano. Thomas Müller aliyekuwa anakaa benchi akawa ndo moyo wa timu, Jérôme Boateng ambaye klabu ilikuwa inataka kumuuza akarudi kuwa beki, David Alaba akasimama katikati, na kushoto kukawa na yule kijana Alphonso Davies, aliyezaliwa kambi ya wakimbizi Ghana kwa wazazi wa Liberia, mbio zake zikawa ndo bima ya mstari mzima wa nyuma.

Hapa inabidi tuongelee huo mstari wenyewe, maana bila kuuelewa utaendelea kumwona jamaa ni mwendawazimu.

Mabeki wanne wanasogea juu karibu na katikati ya uwanja ili timu iwe fupi. Timu ikiwa fupi, mpira ukipotea kuna watu watatu wanne wako jirani kuukaba papo hapo. Hatari ni ule uwanja mkubwa uliobaki nyuma. Unaulinda kwa vitu viwili vinavyotakiwa kutokea kwa wakati mmoja: mbele, yule anayetaka kupiga pasi ndefu anabanwa asipate nafasi ya kunyanyua kichwa, nyuma, mabeki wanasoma mguu wa yule yule mpigaji na kuamua wote wanne kwa pamoja, tunapanda au tunarudi. Mpigaji akiwa amebanwa mnapanda, straika anaotea. Mpigaji akiwa huru, ana muda, anaangalia mbele, mnarudi haraka. Mmoja akichelewa nusu sekunde wote mmekwisha. Sasa hiyo nusu sekunde huinunui dukani na huiweki kwenye ubao wa mbinu dakika kumi kabla ya mechi, inapatikana kwa kurudia kila siku na watu walewale mpaka beki wa kulia hahitaji kugeuka kumwangalia wa kushoto.

Na Bayern Flick alipata kitu ambacho hakuna kocha anapataga katikati ya msimu. Machi 2020 ligi ikasimama kwa korona. Wachezaji wakafanyishwa mazoezi kwa video wakiwa majumbani, mwanzoni mwa Aprili wakarudi uwanjani kwa vikundi vidogo, na ligi ikarudi katikati ya Mei. Yaani wiki kadhaa za mazoezi bila mechi, bila safari, bila watu kuitwa timu za taifa. Ndiyo, na wengine wote Ujerumani walipata muda huohuo, ila waulize waliutumiaje. Bayern waliporudi walishinda kila mechi iliyobaki ya ligi, wakachukua Pokal, wakaenda Lisbon wakashinda zote. Barcelona 8-2 Agosti 14, Lyon 3-0, fainali PSG 1-0 goli la Kingsley Coman. Mechi 11 za Ligi ya Mabingwa msimu ule, ushindi 11, magoli 43. Lewandowski peke yake msimu mzima alifunga 55.

Anayesema ni zali aje na hesabu yake.

Lakini angalia msimu uliofuata, kocha yuleyule, mfumo uleule. Fainali ya Lisbon ilikuwa Agosti 23, ligi mpya ikaanza Septemba 18. Hamna hata mwezi. Hakuna maandalizi ya msimu yenye maana, mechi kila baada ya siku tatu, mazoezi yakawa ni ya kunyoosha misuli na kulala. Walianza na 8-0 dhidi ya Schalke kila mtu akasema hawa hawazuiliki, siku chache baadaye Hoffenheim wakawapiga 4-1, Januari wakatolewa Pokal na Holstein Kiel ya daraja la pili kwa penati. Msimu wa 2019/20 waliruhusu magoli 32 ya ligi. 2020/21 wakaruhusu 44. Ubingwa walichukua, na Februari wakamaliza la sita kwa Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Tigres, lakini ule mstari ulishaanza kuvuja, na uhusiano wake na Hasan Salihamidžić aliyekuwa anashughulikia usajili ulishaharibika. Akaomba aachiwe. Mechi 86, ushindi 70, kufungwa 7, makombe 7. Nani mwingine ana rekodi hiyo kwa miezi 18?

Akapewa timu ya taifa baada ya Löw, na kila mtu akasema ni ndoa iliyopangwa. Mechi 8 za kwanza akashinda zote, ila zilikuwa Liechtenstein, Armenia, Iceland, Romania, Macedonia Kaskazini na Israel, timu ambazo hata mstari ukilegea hazina watu wa kukuadhibu. Zilipokuja Italia, England na Hungary kwenye Nations League, sare zikawa nyingi na Hungary wakamfunga palepale Ujerumani.

Halafu Qatar. Hii naomba tukae nayo kidogo.

Kombe la Dunia la 2022 lilichezwa Novemba katikati ya msimu. Wachezaji walitoka kwenye klabu zao wikiendi, Jumatatu ya Novemba 14 wakapanda ndege kwenda Oman. Tarehe 16 wakacheza mechi ya kirafiki Muscat, ndugu zetu wanaoishi kule wanaikumbuka, wenyeji walikaza mpaka dakika za mwisho Niclas Füllkrug ndo akaokoa jahazi 1-0. Tarehe 23 wako Khalifa International wanacheza na Japan. Hesabu mwenyewe. Siku tisa kutoka kupanda ndege mpaka mechi ya kwanza, ukitoa safari, ukitoa mechi ya kirafiki, ukitoa siku za kupumzisha miguu, na ukitoa muda na akili vilivyoishia kwenye ule mvutano na FIFA wa kitambaa cha nahodha cha OneLove walichokatazwa kuvaa, mpaka wachezaji wakapiga picha ya timu wameziba midomo. Mazoezi ya mbinu yaliyobaki ni machache mno. 2014 walikuwa na zaidi ya wiki tatu.

Wakaongoza kwa penati ya Gündogan, wakapoteza nafasi nyingi, Ritsu Doan akasawazisha dakika ya 75, na dakika ya 83 likaja goli ambalo kwangu ndilo linaeleza kila kitu. Frikiki ndefu kutoka nyuma, mpira unapita juu, Takuma Asano anakimbia, mabeki wa Ujerumani wanapanda kumwacha aotee, na upande wa pili Niklas Süle amebaki nyuma. Mmoja tu. Asano hajaotea, anamshinda mbio Schlotterbeck, anafunga kwenye pembe ya karibu na Neuer. 2-1. Süle aliwahi kuwa chini ya Flick Bayern, anaujua mfumo, ila msimu ule alikuwa Dortmund anacheza mambo mengine kila wiki. Nusu sekunde niliyoisema juu ndiyo hiyo. Sare na Hispania 1-1, ushindi wa 4-2 kwa Costa Rica haukusaidia, Ujerumani nje kwenye makundi.

Septemba 2023 Japan haohao wakaenda mpaka Wolfsburg wakashinda 4-1, na kesho yake DFB wakamfukuza, kocha mkuu wa kwanza wa Ujerumani kufukuzwa kazi katika historia yote. Mechi 25, ushindi 12, sare 7, kufungwa 6. Siku mbili baadaye Rudi Völler akakaa benchi kama wa muda, Ujerumani wakaifunga Ufaransa 2-1. Wapinzani wa Flick wanapenda sana kuitaja hiyo mechi, na mimi naichukua kwa mikono miwili. Völler hakuwa na siku za mazoezi, kwa hiyo hakujaribu kitu kinachohitaji siku za mazoezi. Aliweka watu nyuma ya mpira, akawaambia wapambane, basi. Timu ya taifa inampendelea kocha wa namna hiyo. Flick alikosea kukubali ile kazi, au tuseme alikosea kwenda nayo na mfumo wa klabu, na hilo ni kosa lake mwenyewe, simtetei. Kocha mkubwa anatakiwa ajue mazingira yake yanambeba nini. Alikaa miaka 8 na Löw, alijua fika kambi ya timu ya taifa ina siku ngapi.

Mei 2024 Barcelona wanamchukua baada ya mvutano wao na kocha Xavi. Hela hakuna, kusajili wachezaji kwenye ligi ni vita, wamemwongezea Dani Olmo tu wa maana, na hata huyo kumwandikisha ikawa kesi. Nilichokuwa naangalia mimi ni mazoezi, na habari zilizotoka tangu Julai ile zilikuwa ni zilezile, kasi ya mazoezi imepanda, Julio Tous kaletwa kwa upande wa mwili, watu wanakuja kwa muda, asiyekuja kwa muda anakaa. Iñaki Peña kipa alichelewa kikao Saudia kwenye Supercopa ya Hispania Januari 2025, golini akaingia Wojciech Szczęsny, mtu ambaye alikuwa ameshastaafu ndo akarudishwa baada ya kipa namba moja ter Stegen kuumia goti, na muda mfupi baadaye Szczęsny akawa ndo kipa wa kwanza. Hakufoka, hakumsema hadharani. Ukiwa umekaa na wachezaji miaka 8 kama msaidizi, wewe ndo ulikuwa unaletewa manung'uniko yao, unajua kipi kinamuuma mchezaji kuliko kelele.

Oktoba 2024 ilitupa majibu. Tarehe 23 wakaipiga Bayern 4-1, Raphinha kapiga tatu. Tarehe 26 Bernabéu, Real Madrid 0-4. Madrid walinaswa wameotea mara 12, Kylian Mbappé peke yake mara 8, magoli yake mawili yakafutwa. Ile mechi ilionekana vibanda umiza vyote Afrika Mashariki na kila mtu anakumbuka kibendera kikipanda. Msimu huohuo La Liga walikuwa wameingiza teknolojia ya kupima kuotea kwa kompyuta, na hiyo ilimsaidia pia, lazima tuseme, zamani kidole cha mguu kilikuwa kinategemea jicho la mshika kibendera, sasa kinapimwa. Lakini teknolojia inapima tu, kupanda wamepanda watu.

Na aliyekuwa anawapandisha ni Iñigo Martínez. Ukirudia zile mechi usiangalie mpira, mwangalie yeye. Kila pasi ya nyuma ya mpinzani mkono unapanda, mdomo unafanya kazi, Pau Cubarsí wa miaka 17 pembeni yake anamfuata. Mwisho wa msimu Barca wana ligi yenye pointi 88 na magoli 102, wana Copa del Rey kwa 3-2 dhidi ya Madrid, goli la Jules Koundé muda wa nyongeza, wana Supercopa ya 5-2, na Madrid wamefungwa mara nne kati ya nne, jumla magoli 16. Walipokwama ni Inter, nusu fainali, 3-3 nyumbani na 4-3 Milan, wakiwa dakika chache tu kutoka fainali mpaka Acerbi akasawazisha dakika ya 90+3. Kwenye ile ya marudiano Koundé na Alejandro Balde wote majeruhi, pembeni kulia yuko Eric García na kushoto Gerard Martín. Nusu ya ule mstari uliozoeana haikuwepo.

Kiangazi 2025 Martínez akaondoka kwenda Al-Nassr, bure, ili klabu ipate nafasi ya mishahara kuandikisha wengine. Kwenye makaratasi ya hesabu ilionekana akili. Uwanjani walikuwa wametoa ile sauti. Na maandalizi ya msimu yakawa safari ya Japan na Korea Kusini, ndege, hoteli, hafla za wadhamini. Oktoba Sevilla wakawapiga 4-1. Novemba Club Brugge 3-3, Carlos Forbs anakimbia nyuma ya mabeki kana kwamba yuko peke yake uwanjani, akafunga mawili. Mwisho wa mwezi Chelsea wakawapiga 3-0. Ukifananisha na Bayern ya 2020/21 utaona ni hadithi ileile: ametoka kwenye msimu mkubwa, hana maandalizi ya kueleweka, mechi kila siku tatu, na majeruhi wengi mpaka kila wiki ule mstari una sura mpya. Mbele nako Raphinha alipoumia, ule ukabaji wa kwanza ukalegea, mpigaji pasi wa timu pinzani akapata muda wa kunyanyua kichwa, na hapo hata ungempa mabeki kama Maldini na Baresi wa ujana wao wangepitwa.

Kuna hoja moja ya wanaompinga naikubali. Wanasema kama unajua huna siku za mazoezi, shusha mstari mita kumi, subiri Januari, panda tena. Kweli. Flick ana ukaidi, na aliulizwa mara nyingi kama atabadilika, akawa anajibu kwamba hivi ndivyo wanavyocheza na dawa ni kukaba vizuri mbele. Kiufundi yuko sahihi, mzizi uko mbele kweli, ila mechi kama ile ya Brugge ilihitaji busara kidogo. Hansi wa Hoffenheim ya daraja la tatu aliyekuwa anaangalia alichonacho mfukoni ndo angepanga timu, naamini angerudi nyuma kidogo na kuondoka na pointi tatu.

Wanaosema afukuzwe sasa, hao siwaelewi. Mei 2025 mkataba wake waliurefusha mpaka 2027, na badala ya kupoteza muda kwenye majina ya nani aje, uongozi wa Barca ungekaa chini ufanye mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wao. Watafute beki wa kati wa mguu wa kushoto mwenye umri na mdomo, hata kama hana jina, mtu wa kusimama pembeni ya Cubarsí na kupiga kelele dakika 90. Na kiangazi kijacho wakate zile ziara za Asia, au wazifupishe ziwe mechi moja, wamwachie wiki nne pale Ciutat Esportiva, uwanja wao wa mazoezi, na wachezaji wake wote bila ndege na bila wadhamini. Akipewa hivyo halafu bado Forbs wa dunia hii wanapita pale nyuma wanavyotaka, hapo ntakuwa wa kwanza kukaa meza moja na wanaomsema.